Kamba ya Kengele

Jumapili iliyopita niliona kengele ya kanisa letu imefungwa kamba mpya ya nailoni, nikakumbuka ile ya katani iliyonuka jasho. Kengele hiyo wazee waliipandisha mabegani kutoka Mombo, chini ya mlima wetu, na koo za walioibeba ndizo zilizoachiwa kazi ya kuipiga.

"Babu yangu aliibeba," Neema, jirani yetu, alinitambia tulipokuwa watoto. "Wa kwenu alibeba ndizi za wabebaji!"

Huenda ni kweli, sina ushahidi. Ila wivu uliniuma.

Alasiri moja, tukichambua maharage, kengele ililia polepole, pigo moja moja. Nilikimbia kanisani nikamkuta Neema ameishika kamba peke yake, huku akilia. Nilidhani ni furaha.

"Shikamoo babu. Na mimi nivute?" nilimwomba mzee wa kanisa.

"Marahaba. Leo hapana, mwanangu. Leo ni yake."

Nililia kwa hasira. Sikujua kwamba Neema alikuwa anampigia babu yake, aliyefariki mchana ule.

Miaka mingi baadaye alifariki babu yangu, na kengele aliipiga Neema huyohuyo. Aliipiga vizuri, lazima niseme. Lakini nilisimama uani nikitamani mikono ile ingekuwa yangu.