Albamu ya Kabatini

Ninayeishi naye chumba kimoja hapa Al Wukair, ughaibuni, ni muuguzi. Alipokwenda likizo Kenya nilijiapiza: akirudi akute albamu yangu imekamilika, la sivyo naachana na muziki. Nilikuwa nimeshaanza nyingine kabla ya hiyo na kuzifuta, maana kila niliposikiliza nilisikia kosa. Gitaa nilijifunza mwenyewe kwa simu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia inatosha, nami sijui kujiambia.

Nilirekodi ndani ya kabati la nguo, nimetundika blanketi mlangoni. Tatizo lilikuwa kiyoyozi. Mvumo wake uliingia kila wimbo, nikawa nakizima. Chumba kiligeuka tanuri, nyuzi za gitaa zikalegea, nikalazimika kuanza upya. Niliimba kuhusu kuishi mbali na kwetu, jasho likinidondoka puani.

Alirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Wimbo mmoja ulikuwa umebaki. Aliburuta sanduku lake hadi katikati ya chumba, akasimama.

"Wewe msichana, unanikaribisha au unanipika?"

"Dada, nivumilie kidogo tu. Nikikiwasha kitasikika kwenye wimbo."

"Na kisikike." Akakiwasha, akaketi chini yake bila kuvua viatu. "Unajua nyumbani sikuwa napata usingizi? Kimya kimezidi. Nageuka, nageuka. Mama akadhani nina malaria."

Nilicheka, ingawa nilikuwa karibu kulia. Nilikuwa naimba maisha ya huku, na wakati huohuo nahangaika kuyafuta yasisikike.

"Basi usiongee," nikamwambia.

"Na nikikohoa?"

"Dada."

Nikauimba wimbo wa mwisho, kiyoyozi kikivuma. Kwenye ubeti wa pili nilikosea neno moja. Nilipomaliza, kidole kilikwenda chenyewe kwenye alama ya kufuta.

"Usiuguse," akasema. Nilidhani amesinzia. "Nitumie hivyo hivyo. Kesho niko zamu, nitausikiliza kwenye basi."

Nikamtumia nyimbo zote kabla sijapata muda wa kujuta.

Asubuhi aliniandikia akiwa njiani kwenda hospitali. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliuliza tu wimbo wa tatu unamhusu nani, maana ameurudia mara mbili na bado hajamjua. Nikamjibu kwamba nitamwambia akirudi, kisha nikaanza kutafuta jina la albamu.