Bisbisi ya Afande

Siku yangu ya kwanza gerejini Mbarara nilivaa ovaroli ya kiume, suruali nimeikunja mara tatu. Msimamizi, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya jeshi ya Makenke tuliyemwita Afande, alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaegemeza ncha ya bisbisi kwenye jenereta iliyokuwa ikinguruma, mpini akauweka sikioni. Hivyo ndivyo tulivyopima beringi, zile pete za chuma zinazobeba mhimili: zikichoka, husikika zikisaga.

“Binti, hapana gusa!” alipaza sauti. “Kwanza sikia.”

Nikasikia. Nikaipenda kazi siku hiyohiyo, na yule mzee mkali pia. Lakini kuzungumza? Thubutu! Kelele zilituachia maneno matatu tu: leta, kaza, zima.

Baadaye nilisomea umeme wa jua, nikapangiwa kufundisha mafundi Nakivale, kambi ya wakimbizi iliyoipokea familia yangu tulipotoka Burundi. Mhula mmoja nani akaingia darasani? Afande, mvi tele, akakaa benchi la nyuma. Wateja wa jenereta walikuwa wamemkimbia, wamehamia sola. Roho iliniuma.

Siku ya mazoezi tulizima jenereta ya zahanati, tukawasha inveta, kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha taa na friji ya chanjo. Afande akatoa bisbisi yake ileile, akaiegemeza, akasikiliza. Kimya.

“Iko kufa?”

“Hapana, Afande. Inafanya kazi.”

Akashusha mkono. “Basi kazi ya mimi imekwisha.”

Nilikaribia kulia. Nikamvuta hadi kwenye betri. Waya uliolegea hushika moto, na wanafunzi wangu ama waliacha nati za nyaya zimelegea, ama walizikaza hadi zikakatika.

“Na hizi, nani atazikaza?”

Akazikaza moja moja, taratibu, kama anayemfunga mtoto vifungo. Hakuna iliyolegea, hakuna iliyokatika. Tangu hapo akawa fundi wa sola, na kwa kujidai hana mpinzani. Ninyi mnaoanza na sola moja kwa moja, msimcheke fundi wa dizeli. Mkono wake unajua nati ikikazwa vya kutosha.

Nilipostaafu, naye mkongwe tayari, alikuja kunifungia paneli nyumbani. Alipomaliza hakuondoka. Nikamletea chai, taa ikiwaka bila mlio wowote.

“Binti,” akasema, “miaka yote ile kwa gereji, kelele tu. Mimi hata sijui kwenu Burundi ilikuwa namna gani. Sasa sema. Mimi nasikia.”

Nikaanza na mama yangu.