Mara Tisa Zilizofutwa

Delbert Vossberg, fundi wa mapaa, ameichezea timu ya besiboli ya mji wetu kwa majira ishirini na sita ya joto, na sifa yake ni moja: kupigwa na mpira. Husimama karibu mno na njia ya mpira, ukamgonga begani au nyongani, naye akatembea hadi kituo cha kwanza bure, kama sheria inavyoruhusu. Imempata mara mia moja arobaini na moja. Aliyemfuata katika ligi yetu, Lyle Rademacher wa mji jirani, alistaafu na mia moja thelathini na tisa.

Mwaka huu kamati ya ligi iliamua kusimamisha uwanjani ubao wa vinara wa ligi. Delbert hakuwa na orodha nyingine ya kuongoza. Alikuwa mpigaji wa kawaida, na mbio zake zilikuwa za kuchekesha.

Jumanne jioni, katika ukumbi wa chini wa kanisa, mwenyekiti Gordy Haugen, zamani mrushaji mpira wa timu pinzani, alisoma: "Rademacher, mia thelathini na tisa. Vossberg, mia thelathini na mbili."

"Tisa zangu zimekwenda wapi?" Delbert aliuliza.

"Tumezifuta. Hukukwepa. Sheria inataka mtu akwepe."

"Nani kasema sikukwepa?"

"Mimi. Si mimi niliyekuwa naurusha huo mpira?"

Watu wakacheka ndani ya vikombe vyao vya kahawa. Delbert alisimama, shingo imemwiva kwa hasira.

"Ulinivunja mbavu mbili, Gordy. Nilipanda mapaa mwezi mzima siwezi hata kupiga chafya, na pole yako sijaisikia mpaka leo."

"Ungesogea, bwana. Hata ng'ombe angesogea."

"Ng'ombe halengwi makusudi."

Bi Marlys Tveit, aliyeandika alama za kila mchezo tangu Delbert akiwa kijana, aligonga meza kwa penseli. "Mwamuzi alimpa kituo, nami nikaandika. Leo kamati inaamua mpira wa miaka kumi na mitano iliyopita? Basi Gordy, tuwachunguze na wale wapigaji mia sita uliowatoa. Labda nusu yao walikuwa wamelewa."

Kura zikapigwa. Wanne kwa watatu, tisa zikabaki zimefutwa. Bi Marlys akakusanya vitabu vyake vyote, akavibeba hadi kwenye gari.

"Vya kwangu hivi," alisema. "Bila hivi ubao hauna hesabu. Wachore wanachokikumbuka."

Delbert alimfuata. "Nani kakutuma, mama? Sasa sipo hata nafasi ya pili."

"Na wengine wote hawapo."

"Sikutaka wao wakose. Nilitaka niwepo mimi." Akaushika mlango wa gari usifungwe. "Virudishe. Zinanitosha nane nyingine kumpita Rademacher."

"Delbert, una miaka arobaini na sita."

"Jumapili nacheza. Wewe kaa pale pale, uandike."

Bi Marlys akatoa kitabu cha msimu huu, akakiweka kwenye kiti cha mbele, vingine akavifungia nyuma.