Salvina wa Kaisho na mashine iliyoandika 'eaea' badala ya 'baba'

Saa mbili asubuhi, jua limeshapanda juu ya migomba ya Kaisho, wilayani Kyerwa, na kahawa imekwisha kuanikwa uwani. Ndani ya chumba kilichokuwa ghala, mashine inatoboa. Ncha ya keekee inashuka, inainuka, inasogea kidogo, inashuka tena.

Salvina Projest (36) haitazami mashine. Anamtazama mama mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliyekaa kwenye kigoda karibu na meza, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Hapo imekaa vizuri," anasema mama huyo. "Endelea tu."

Jina lake ni Nyirabahire. Ana miaka 62 na haoni tangu surua ilipompata akiwa na miaka mitano. Alisoma nukta nundu, maandishi ya wasioona, katika shule ya bweni, na hadi leo ndiye anayewasomea wenzake wa kwaya ya usharika maneno ya nyimbo.

Kinachotobolewa ni ubao wa plastiki ngumu, mkubwa kama daftari. Salvina atapachika kijipini cha shaba chenye kichwa cha mviringo katika kila tundu, na ubao utakuwa na maneno ya kusomwa kwa vidole. Ni kwa ajili ya watoto wasioona wa shule moja ya msingi ya upande wa Karagwe, wilaya jirani.

Leo kazi inakwenda. Miezi miwili iliyopita, Salvina alikuwa tayari kuifunika mashine yake kwa turubai na kuitafutia mteja.

Ufundi ameurithi kwa baba yake, mzee Projest, aliyekuwa seremala. Alipomaliza kidato cha nne alishika randa, na kwa miaka mingi alichonga milango kwa patasi, mlango mmoja siku nne au tano. Mwaka juzi alisikia kwamba mchonga mabango mmoja wa Mwanza anafunga karakana na anauza mashine ndogo ya CNC, ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta.

Yeye na mumewe, Dastan, waliuza ng'ombe wawili na mavuno ya kahawa ya msimu mzima. Mashine iliwagharimu shilingi milioni mbili na laki tatu, ikaja juu ya lori la mahindi.

"Majirani waliuliza kama tumenunua cherehani ya chuma," anasema Dastan. "Nikawaambia hata mimi sijui tulichonunua, mwulizeni mke wangu."

Kwa mlango wa mbao, mashine ilitosha. Ua la nakshi likipishana na jirani yake kidogo, msasa unafuta kosa. Nukta nundu hazina msasa. Nukta mbili za herufi moja zimeachana milimita mbili na nusu, na kidole kinajua pale zinapozidi.

Kazi ya kwanza ya nukta nundu ililetwa na mwalimu Edgar wa shule moja ya msingi ya Kyerwa, aliyepewa darasa jipya la watoto wanne wasioona bila kibao hata kimoja cha kufundishia. Alikuwa amesikia kwamba Kaisho kuna fundi mwenye mashine inayopima yenyewe. Akaagiza vibao kumi na viwili, kila kimoja shilingi elfu kumi na tano, viwe tayari kabla ya shule kufunguliwa Julai.

Salvina hakuwa amewahi kugusa nukta nundu. Akachonga mstari mmoja mfupi wa majaribio, akaufunga kwenye kanga na kuvuka kibanja, shamba lake la migomba, hadi kwa Nyirabahire, jirani yake wa miaka mingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini kizito hivyo?"

Mama alipitisha kidole mara moja, akacheka. "Herufi zako zimebanana kama watu kwenye kitanda kimoja."

Salvina akarudi kwenye karakana na rula. Aliiamuru mashine isogee milimita mia moja kwenda kulia. Ikasogea themanini. Akakagua skrubu ndefu inayoisukuma ncha upande ule, akaona ni mpya kuliko nyingine. Mwenye mashine wa kwanza aliibadilisha, lakini hakuiambia kompyuta.

Katika mipangilio ya programu kuna namba inayosema mota ipige hatua ngapi ili kusogea milimita moja. Ilikuwa 320. Salvina akaizidisha kwa mia moja, akagawanya kwa themanini, akapata 400. Akaiandika, akapima tena. Milimita mia moja ikawa mia moja kamili.

Mama Nyirabahire akausoma mstari wa pili wa majaribio bila kusita. Salvina akachonga vibao vyote kumi na viwili kwa siku tatu, akavipeleka shuleni kwa bodaboda. Hakumpa mama avisome kwanza.

"Niliona tumeshapima, tumeshapata," anasema. "Hilo ndilo kosa langu, na silisingizii mashine."

Siku ya nne mwalimu Edgar alifika mwenyewe, vibao vikiwa kwenye mfuko wa salfeti. Hakufoka. Alimwomba Salvina aite mtu anayejua kusoma, akaitwa Nyirabahire. Mama akaweka kidole kwenye neno la kwanza la kibao cha kwanza.

"E, a, e, a," akasoma. "Hili ni neno gani?"

Lilipaswa kuwa 'baba'.

"Mtoto asiyeona hana kitabu kingine cha kulinganishia," mwalimu alimwambia Salvina. "Akianza na hiki, ndivyo atakavyoamini baba anaandikwa." Akampa wiki mbili. Zikipita, angeomba shule itafute vibao mjini, hata kama vingechelewa muhula mzima.

Wiki ya kwanza Salvina aliimaliza akikaza kila nati. Alibadilisha nyaya, akatia grisi, akafuta programu kwenye kompyuta na kuiweka upya. Plastiki iliyobaki ilitosha vibao kumi na vinne tu, na viwili kati ya hivyo aliviharibu kwa majaribio. Mstari mfupi ulitoka safi. Mrefu uliharibika, tena si kwa namna ileile kila mara.

"Nililia, sifichi," anasema. "Nilimwambia Dastan tumeuza ng'ombe tukanunua mdanganyifu."

Dastan hakujua la kumshauri kuhusu kompyuta. Alimshauri amwite mama Nyirabahire aje akae karakanani, angalau asifanye kazi peke yake na hasira.

Mama akaja na mkeka aliokuwa akiusuka, akaendelea kusuka. Mashine ikaanza kutoboa. Baada ya muda mikono yake ikasimama.

"Hapo imefanya nini?"

"Imemaliza nukta za juu za mstari, inarudi mwanzo ianze za katikati," Salvina akajibu.

"Inaporudi inakoroma. Ikiwa inakwenda pole haikoromi. Ikiruka mbali, pale inapoondoka, inakoroma kidogo kama mtu aliyeteleza."

Salvina alikuwa ameisikia sauti ile mara mia. Alidhani ndivyo mashine zinavyolia.

Akachora alama ya penseli chini ya ncha, akaiamuru mashine iende mwisho wa meza na kurudi mara kumi, polepole. Ncha ikarudi juu ya alama ileile. Akairudia, safari hii ikirudi kwa kasi ya kawaida ya kuruka. Iliporudi mara ya kwanza tu, ncha ikasimama upande wa kulia wa alama, pengo la karibu milimita tatu.

Basi akaelewa. Mota ya aina hiyo haina namna ya kurudisha jibu. Ikiamriwa kwa haraka kupita nguvu zake, huruka hatua kadhaa, na kompyuta huendelea kuamini kwamba zimepigwa zote. Kwa namba ya zamani, mota ilizunguka taratibu na iliweza. Alipoandika 400, kila milimita ilidai hatua nyingi zaidi kwa muda uleule, na mota ikaanza kushindwa kwenye miruko mirefu. Nukta za katikati zilianzia upande wa kulia zaidi kuliko zilivyotakiwa. Herufi b, yenye nukta mbili zilizosimama moja juu ya nyingine, ikasomeka e, ambayo ya pili imekaa upande.

Namba 400 ilikuwa sahihi. Iliyomponza ni ile ya kasi, aliyoiacha bila kuigusa.

Akapunguza kasi ya kuruka hadi nusu. Mkoromo ukapungua, lakini baada ya safari kumi ncha ilikosea nusu milimita. Akatafuta mpangilio mwingine, ule unaoamua mota ichangamke kwa ghafla kiasi gani inapoanza kwenda. Ulikuwa 500. Akaujaribu kwa 300, kisha 200.

"Sasa imenyamaza," mama akasema.

Safari kumi, kisha ishirini, kisha hamsini. Ncha ilirudi juu ya penseli kila mara.

Kibao kilichokuwa kikichukua dakika ishirini sasa kinachukua thelathini na tano. Vibao kumi na viwili vilitoka kwenye vipande kumi na viwili vya mwisho, na safari hii hakuna kilichoondoka Kaisho kabla ya Nyirabahire kukisoma tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mwalimu Edgar alivipokea siku mbili kabla ya shule kufunguliwa.

"Watoto wawili tayari wanasoma 'baba' na 'mama' bila kushikwa mkono," anasema mwalimu. "Mmoja amegoma kukirudisha kibao kabatini, anataka kulala nacho."

Shule ya upande wa Karagwe, inayochongewa leo, imeagiza vibao ishirini. Salvina anamlipa Nyirabahire kwa kila kibao anachokikagua. Mama anasema ni mara ya kwanza maishani mwake kulipwa kwa kusoma.

Namba zote za mipangilio sasa ziko kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na tarehe ya kila badiliko. Kando yake kuna mchoro ambao haujawa kibao bado. Ni ramani ya mkoa wa Kagera, yenye mipaka na barabara za kushikika, na Mto Kagera ukiwa mstari mnene kuliko yote.

Walimu hawajaiomba. Ameiomba Nyirabahire, na Salvina amepanga kuianza mvua za vuli zitakapowapunguzia kazi ya kahawa.

"Mama yangu alinivusha mto huo mgongoni tukitoka Rwanda, nikiwa mtoto wa kunyonya," anasema Nyirabahire. "Nimeambiwa uko kule, nimeambiwa unapinda. Nataka niushike nijue unapinda wapi."