Korongo Aliyeangalia Kushoto

Chwaaa, chwaaa. Rola ilipopita kwenye wino mzito ilitoa sauti kama mafuta yanayoanza kushika moto sufuriani, na maman alizima redio ili aisikie vizuri. Wino ukizidi, sauti inanata. Ukiwa sawa, inanong'ona. Nami nilisimama na tambara langu la deki, nasikiliza.

Maman, ndivyo nilivyomwita, alikuwa Mukraine, mjane, ghorofa ya tatu kule Etterbeek, mji wa ugenini kwetu sote. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za vitabu vya watoto vya kwao. Mimi nilitoka Lubumbashi, shule niliiacha njiani, nikawa namfanyia ménage, usafi wa nyumba, kila Ijumaa. Yeye aliniita mwanangu; siku nyingine hakuna aliyeniita hivyo. Naye, binti yake alikuwa mtaa wa Berchem na shughuli zake. Kifaransa chetu sote wawili kilikuwa cha kuokota, lakini kilitutosha.

Picha alizichonga kwa kisu kidogo kwenye linoleamu, ile ile ya kutandika sakafuni. Panapochongwa panabaki peupe, pasipochongwa panashika wino. Na lazima uchonge kinyume, maana karatasi inageuza kushoto kuwa kulia.

Mwaka 2012 macho yake yalikuwa yanafifia, na kitabu alichokishika alisema ndicho cha mwisho. Ilibaki picha moja: korongo anarudi baada ya baridi. Nyumba yake ilikwisha kuchapwa kwenye ukurasa wa kulia, yeye alipaswa kuielekea. Maman akabandua karatasi, akaisogeza karibu na macho. Korongo alikuwa ameipa nyumba mgongo. Alisahau kumgeuza, yeye aliyechonga maisha yake yote.

"Anaenda wapi huyu?"

"Anakuja kwetu, maman. Katanga tunawaona mashambani, wanakula panzi."

"Bure?"

"Bure kabisa. Na hawaombwi makaratasi."

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu kicheko kikaisha.

"Mwache hivyo, maman. Ni mzuri sana."

"Mzuri, ndiyo. Bon, lakini mtoto anayesoma anamngoja nyumbani."

Akachonga mwingine. Mimi nikawa nashikilia linoleamu isiteleze. Huyo wa pili bawa lake moja lilitoka nene kama la bata, na manyoya hayakuwa na wepesi ule. Lakini aliielekea nyumba. Ndiye aliyetumwa kwa wachapaji.

Baadaye binti alikuja kumchukua akaishi naye. Wakati masanduku yanashushwa, maman alinivuta pembeni.

"Yule wa kwanza usimwache mzima. Sisi wachongaji tuna desturi: kibao cha linoleamu kisichotakiwa kinatiwa mikato ya msalaba, kona kwa kona, asije mtu akakichapa."

"Kata wewe basi, maman."

"Vidole vimekataa. Na wewe unampenda, hutamkata kwa hasira."

Nikabaki na ufunguo, nisafishe mara ya mwisho. Ukutani palikuwa na alama za makabati tu. Nilipomaliza sakafu nilikichukua kibao, nikakiangalia muda mrefu. Ningeweza kukitia kwenye mfuko wangu wa soko, donc, basi, nani angejua? Hata maman asingeuliza.

Nikakaa chini, nikakiegemeza magotini. Nikasukuma kile kisu chake kidogo alichoniachia, taratibu, kutoka kona ya juu, kikapita shingoni, kikapita kwenye bawa, mpaka chini. Nikapangusa vumbi kwa kiganja. Halafu nikakigeuza kibao, nikaanza kona ya pili.