Uso wa Mzee wa Taa

Mwaka wa 1974 hoteli moja mjini Kisii ilileta mashine ya mchezo, sanduku refu lenye kioo, ambamo kijipira cha chuma kilirushwa kikagonga kengele na kuwasha taa. Kwenye kioo alichorwa adui wa mchezo: kizee mwenye ndevu nyeupe, ameshika kandili. Kijipira kikimponyoka mchezaji, macho ya kizee yaliwaka mekundu. Vijana wakambandika jina Mzee wa Taa, na kwa ubaya wake wakampenda kuliko mchezo wenyewe.

Aliyempenda kupita wote ni Omwenga, karani wa duka la vyuma, aliyeishi Kiogoro na mama yake mjane, Bochaberi. Jumapili moja ya Agosti wachezaji waliitana hotelini kushindana, wengine wakitoka Ikonge na Nyaramba. Omwenga akaingia na koti refu jeusi, uso kaupaka majivu, ndevu za katani, macho kayazungushia rangi nyekundu, kandili mkononi. Ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Maishani mwake hakuwahi kushangiliwa.

Alasiri alirudi nyumbani kwa miguu bila kunawa. Njiani, penye migomba, alimkuta jirani yao Orpah, aliyekuwa amemzika mwanawe siku nne nyuma. Akasimama kumpa pole, amesahau kabisa uso aliouvaa.

"Pole, mama. Ni mimi, Omwenga."

"Umetoka kaburini kwa mwanangu," Orpah akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga nduru.

Watu wakaja na mapanga, na kwa yale majivu na kandili wakaamini wamemnasa mchawi. Omwenga alijaribu kueleza habari za kioo na mashindano, lakini ni nani kati yao aliyewahi kuiona mashine hiyo?

"Uchawi mtu hufundishwa na nani," akauliza mzee Nyamongo, "kama si mamake?"

Basi wakamwacha mwana, wakamwendea mama. Bochaberi alikuwa uani akipepeta wimbi. Alitoroka kupitia shamba la majani chai, na nyumba yake ikateketea akiitazama kutoka ng'ambo ya mto.

Kaka yake alimpokea Nyaramba. Omwenga aliacha kazi, akamfuata huko. Mara tatu mama alimtuma Kiogoro akazungumze na watu, na mara tatu hakufunguliwa mlango. Mchezo hakuugusa tena.

Bochaberi alifariki mwaka wa 1977. Wazee wa Kiogoro walikataa alazwe kando ya mumewe, naye akazikwa kwenye ardhi ya kaka yake, kama mwanamke asiyewahi kuolewa.

Mchana wa mazishi Orpah alifika peke yake, mkungu wa ndizi kichwani.

"Nilijua ni wewe," alimwambia Omwenga. "Hata kabla hawajafika nilikuwa nimekutambua. Lakini nilitaka pawe na mtu wa kulaumiwa."

Omwenga alimtua ule mkungu, akamwonyesha pa kukaa, akarudi kufukia kaburi.