Milima Haihami

Nimechoka, ndugu yangu. Nimetandaza ramani ya hifadhi za milima ya Uskoti juu ya meza ya jikoni, mbwa wangu wawili wamelala miguuni, na watoto wanabishana kwa Kiingereza nani atalala kitanda cha juu kwenye gari la kukodi lenye vitanda. Safari ya likizo tu, jamani. Lakini kila nikiigusa ile ramani mikono inakuwa mizito, maana safari hii tulishaipanga zamani, nikiwa msichana mdogo, Tottenham, London.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tuliishi ghorofani: baba, mama, bibi yangu na sisi watoto. Bibi alitoka Kivu, kwenye milima, na London haikumwingia kabisa. Alikuwa akisimama dirishani akitazama mapaa na mabasi, akiguna. "Inchi gani hii, imelala tu? Miye nataka kuona mulima mbele ya kufa."

Jirani yetu, mzee Mwingereza aliyestaafu udereva wa basi, alikuwa na gari lenye vitanda na jiko dogo, na mbwa wawili weusi. Akasema atatupeleka kwenye milima ya Uskoti. Basi kila Jumamosi alikuja na ramani, Bibi akamwekea bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na mzee wa watu akajifunza kula kwa mkono, mchuzi ukimchuruzika mpaka kiwikoni. Harufu ya mawese, kaseti ya kwaya, mvua dirishani: hivyo ndivyo tulivyopanga, baridi yote ile.

Shida ilikuwa mbwa. Kwetu mbwa hulala nje, hakuna mjadala. Jirani haendi popote bila mbwa wake. Bibi halali pamoja na imbwa. Baba, ametoka kusafisha maofisi, macho mekundu, ndiye alikuwa mkalimani wa ugomvi huo wiki baada ya wiki. Mpaka Jumamosi moja Bibi aliinuka, akawakokota wale mbwa bafuni, akawasugua kwa sabuni ya kufulia. "Sasa wapande," akasema. Jirani alicheka mpaka akatoa machozi.

Tukafunga mizigo. Siku moja kabla ya kuondoka, hodi! Familia nzima na mifuko yao, ndiyo kwanza wamefika kutoka nyumbani, wameelekezwa kwetu na watu wa kanisani. Mgeni humwachi mlangoni ukaenda kutazama milima. Mama akaongeza maji kwenye sufuria, na Bibi mwenyewe akatoa godoro lake. "Mama, milima haihami," baba akamwambia Bibi. "Tutaenda." Wageni wale wakaondoka, wakaja wengine, na baba akawa anarudia maneno yale yale.

Kweli, haikuhama. Aliyehama ni Bibi, kabla ya kiangazi kingine kufika. Siku ya msiba watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Jirani alikuja na suti, mbwa amewafunga nje kwa heshima ya Bibi. Baba alipowaona alitoka, akawafungua, akawaingiza mpaka sebuleni. Akina mama wakakusanya vitenge vyao kwa hofu. "Waacheni," baba akasema. "Aliwaogesha yeye."

Jirani naye alishamfuata Bibi, na lile gari sijui liliishia wapi. Siku hizi mgeni hupiga simu kwanza, na mara nyingi tunamwambia hatupo. Inaniuma, lakini ndivyo tulivyo.

Leo nimempigia baba, magoti yake hayamtii tena, nikamwambia kitanda cha dirishani garini ni chake.

"Imbwa wameoga?" akauliza.

Basi nainuka, na uchovu wangu huu huu, nikawaogeshe.